Mita ya Nyuma

Mwanangu Raya,

Salamu tumeshapeana leo si chini ya mara tano. Kila nilipokuita pembeni tuzungumze, shangazi yako mmoja alitokea na kitu cha kutia begini. Sasa nimeshasali alasiri, wamekuzingira chumbani, na nasikia wanabishana kama papa mkavu atanuka ndani ya boti au hatonuka. Nimekata tamaa ya kusikilizwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, basi nimekaa barazani na karatasi. Kesho alfajiri gari inakuja kukuchukua kwenda bandarini Mkoani, na jambo nililonalo si la kusema kwa simu.

Mambo ya kula, kuvaa, kulala mapema na kuwaamkia majirani sitayagusa. Mama yako ameyasema, ameyarudia, na nina hakika ameyaandika pia. Mimi nataka kusema juu ya kazi yako ya chuo, ile uliyoiandika kuhusu jengo letu la ofisi hapo Wete, ambayo kwa sababu yake wamekuita kazini Unguja.

Ijumaa tulipokuwa tunakula ulisema kwamba kazi yako ya kwanza itakuwa kutayarisha mwongozo wa kupunguza umeme katika majengo yote ya umma, maskuli, vituo vya afya, maofisi ya wilaya, na kwamba jengo letu ndilo litakalokuwa mfano wa kufuatwa. Mama yako akapiga kigelegele. Mimi nikasema mwiba wa samaki umenikwama, nikatoka nje. Haukuwa mwiba. Raya, zile namba nilizokupa si za kweli. Jengo letu halikupunguza umeme nusu. Sijui hata kama limepunguza robo.

Nimelizunguka neno hili wiki nzima, nikitafuta njia ya kulisema lisikae vibaya. Haipo, nimechoka kuitafuta.

Ulikuwa bado mdogo mpango ule ulipokuja. Walifika wageni watatu na vijitabu vyenye picha za mawingu, tukaitwa semina, tukanywa chai na sambusa, tukaambiwa kila jengo la umma liwe na lengo la miaka kumi: umeme upungue nusu. Mkubwa wetu wa wakati ule akatia saini mbele ya kamera. Wageni walipouliza nani atasimamia, watu wote chumbani wakamtazama aliyekaa karibu na mlango. Aliyekaa karibu na mlango ni mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa na funguo za ukumbi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa Mratibu wa Nishati. Sikupewa meza wala saa moja ya kazi hiyo peke yake, funguo na matangi ya maji yakabaki kwangu vilevile. Lakini nilifurahi, sitakuficha. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako nimepanda cheo.

Mwaka wa kwanza ulikuwa rahisi. Tulibadilisha taa zote, tukapata sola ya juu ya paa, mita ikashuka, nikasifiwa. Nikadhani mambo yote yatakwenda hivyo. Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na wewe utakutana na kosa hili kila jengo utakaloingia. Taa hubadilishwa na fundi kwa siku moja, naye akaenda zake. Baada ya taa ndipo unapoanza kugusa watu.

Kilichobaki kilikuwa viyoyozi. Kijitabu kilisema kiyoyozi kikiwaka mlango ufungwe. Maneno mepesi kabisa. Aliyeyaandika hajapata kuishi Pemba hata wiki moja. Wewe unajua mlango uliofungwa mchana kwetu una maana gani. Ama wenyewe wamesafiri, ama wamegombana na jirani. Ofisa akijifungia wanasema ana kiburi, au ana anachokificha. Akijifungia na mwanamke aliyekuja kufuata karatasi yake, hapo hata sisemi watasema nini. Kwa hiyo milango yote ilikuwa wazi kutwa na viyoyozi vyote vinanguruma. Tulikuwa tunaupoza ukumbi, ngazi na paka waliolala chini ya benchi.

Nikaandika matangazo: FUNGA MLANGO. Walikuwa wanayasoma vizuri tu, kisha wanapita na kuuacha wazi. Nikaitisha kikao, wakaitikia wote, na siku ya pili milango ilikuwa wazi. Nikapandwa na hasira, nikamwita fundi akatia springi kila mlango, ujifunge wenyewe. Wakaukingia kumbi la nazi. Kila asubuhi nilikuwa nazunguka jengo zima nakusanya makumbi, na kila mchana yalikuwa yamerudi, sijui yanatoka wapi. Mtu mzima, Mratibu wa Nishati, nabeba makumbi kifuani. Mwisho nikamwambia mkubwa, naye akatoa barua kali yenye mhuri, na kwa mara ya kwanza milango ikafungwa kweli. Mita ikashuka tena. Nilijiona nimeshinda.

Kisha akaja Bi Mize.

Huyu hujapata kumwona. Ni bibi wa Kiuyu aliyekuwa akimlea mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyefariki, na mtoto alikuwa hana cheti cha kuzaliwa. Skuli waliwaambia wasio na vyeti wavilete kabla ya siku fulani, la sivyo hawataandikishwa mtihani. Chumba cha vyeti kilikuwa kwetu, chini, mkono wa kulia. Siku moja nilimkuta amekaa benchi la nje na mkoba wake mapajani, nikamuamkia, nikamuuliza kama ameshahudumiwa.

"Bado, babaangu. Leo mara ya nne kuja. Hawapo."

"Wapo ndani, Bi Mize. Mbona hukuingia?"

"Nlipiga hodi. Tatu. Sikuitikiwa, nkajua hawataki mtu, nkarudi zangu. Na ile siku ya pili vivyo hivyo. Na ya tatu."

Nikamwambia kwa upole, nikidhani namsaidia, kwamba angeufungua tu ule mlango.

Akaniangalia kama nimemwambia aibe. "Nifungue mlango wa watu? Hodi ya nne haipo, sembuse kusukuma mlango. Mie sikulelewa hivyo. Weye umelelewa hivyo?"

Ndani kile kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, karani hakusikia chochote, na bibi alipiga hodi zake kwa sauti ya adabu aliyofunzwa, tatu, akageuka na njia yake mpaka Kiuyu. Mara tatu. Nilimshika mkono nikamuingiza mwenyewe. Karani akaangalia tarehe, akatikisa kichwa. Siku ilikuwa imeshapita. Nilikwenda skuli mwenyewe, nikakwenda kwa sheha, nikapiga simu nilizozijua na nisizozijua. Yule mtoto alikaa nyumbani mwaka mzima, mwanangu. Wenzake walifanya mtihani, yeye alikuwa anachota maji.

Sikuwahi kulisema hili hapa nyumbani. Mlikuwa mnaniuliza mbona baba siku hizi mkali, nami nasema kichwa kinauma.

Sasa sikiliza nilichofanya, kwa sababu ndicho kilichokufikisha hapa ulipo. Mtu mwenye akili angeandika kwenye taarifa: tulifunga milango, watu wakakosa huduma, tumeifungua, tutafute njia nyingine. Mstari mmoja. Mimi niling'oa zile springi Jumamosi moja, kimya kimya, nikaziweka stoo, na kwenye taarifa ya mwaka ule nikaandika: milango inafungwa. Niliona haya kusema lengo limeshindwa mikononi mwangu. Nilijiambia mwakani nitarekebisha, na mwaka huo ulipokuja nikaandika vilevile, maana ukishaandika uongo mwaka huu, mwaka ujao unakuwa ndio taarifa iliyopita ya kulinganishia.

Na mita? Utauliza ilikuwaje mita ikanitii. Jengo letu lina mita mbili. Ya mbele ndiyo uliyoipiga picha. Ya nyuma imo ndani ya stoo ya mafagio, ilitiwa vilipoongezwa vile vyumba vya nyuma. Waya za mbele zilikuwa zinazidiwa na zinatoa harufu ya kuungua, basi fundi akahamishia viyoyozi vya mbele kwenye mita ya nyuma. Hapo hapakuwa na hila yoyote, tuliogopa moto tu. Lakini mwisho wa mwezi nikaenda kusoma mita ya mbele na nikaona imeanguka kama iliyokatwa kwa panga. Fomu ilikuwa na nafasi ya mita moja. Nikaijaza ya mbele. Sikusema uongo, nilijiambia, nimejaza nilichoulizwa. Mkubwa mpya alipokuja nikamwonyesha, akafurahi. Akaletewa kiyoyozi kikubwa zaidi, akataka kiwashwe saa moja asubuhi ili akifika saa tatu chumba kiwe kimeshapoa, na chote hicho kikaingia mita ya nyuma. Tulikuwa tunaongeza umeme kila mwaka na tunasifiwa kwa kuupunguza.

Wakubwa wanne wamepita katika mpango ule mmoja. Kila aliyekuja aliniuliza, "Hamad, huu mpango wa nani?" Na mimi, mjinga mimi, nilijibu kila mara, "Wa Serikali." Wakawa wanashusha pumzi na kubadilisha mapazia. Ningesema ni wetu, labda hata mmoja angeketi akauliza swali la pili. Jengo la umma lina watu wengi wanaolitumia na wakubwa wengi wanaolisimamia, lakini siku ya kuulizwa kwa nini umeme umepanda humwoni mwenyewe. Hili linanikera mpaka leo, na linanikera zaidi kwa sababu mwenye funguo zote nilikuwa mimi.

Kuna kitu kimoja tu cha kweli tulichokifanya baada ya taa na sola, nacho hukukiandika kwa sababu sikukuambia. Ile siku ya Bi Mize, alipokuwa anasubiri karani aangalie tarehe, aliinua uso akatazama juu ya madirisha.

"Hivi haya matundu ya juu mliyaziba mkiogopa nini?" akaniuliza. "Nyumba hii n'naijua tangu hujazaliwa weye. Ilikuwa na upepo."

Matundu yale tuliyaziba kwa mbao vilipoletwa viyoyozi. Niliyasimamia mwenyewe. Nilipong'oa springi nikakumbuka maneno yake, nikamwita seremala tukang'oa na zile mbao, chumba kile kimoja. Bwana Juma karani, unamjua alivyo mnene na anavyotoka jasho, alinuna siku mbili. Kiyoyozi chake kilipoharibika mwezi uliofuata, nikamwambia nitaita fundi. Akasema nisijisumbue. Mpaka leo hakijatengenezwa. Anakaa na mlango wazi, upepo unaingia juu na kutoka ukumbini, na mtu akisema hodi anaitikiwa hodi ya kwanza.

Nilikwenda kwa mkubwa wa tatu na furaha yangu, nikamuuliza hili tuliandike wapi katika fomu.

"Umenunua nini?" akasema.

"Sikununua kitu. Nimeng'oa mbao."

"Umefanya semina?"

"Hapana."

"Basi hakuna cha kuandika, Hamad."

Nikarudi kwangu. Ningeweza kuandika nyuma ya karatasi. Ningeweza kuvifungua na vyumba vingine. Niliona uvivu, niliona uchungu, na uongo ulikuwa tayari unaniletea sifa bila kupanda ngazi. Jengo zima limebaki na mbao zake hadi hii leo, isipokuwa chumba cha vyeti.

Kisha ukaja wewe na daftari lako. Nakumbuka ulivyokuwa umevaa buibui jipya na umejitundika kitambulisho cha chuo shingoni, hata mlinzi akakuamkia kwa heshima. Nilikupitisha kila chumba, nilikuwa na raha isiyo kifani. Ulisimama mbele ya mita, ukapiga picha, ukaandika, kisha ukaniuliza, "Baba, mita ni hii moja tu?"

Nikasema, "Hiyo tu, mama."

Raya, nimewadanganya wakubwa wanne na wageni sijui wangapi, na nililala usingizi. Hilo la kukudanganya wewe usoni, na wewe umeuliza swali sahihi kabisa ambalo hakuna mkaguzi aliyeliuliza, halijanipa usingizi tangu Ijumaa. Ulikuwa mtafiti mzuri. Aliyekuharibia kazi ni mtu uliyemwamini kuliko wote, kwa hiyo usianze kujiona mjinga. Naona haya mbele yako kuliko ninavyoweza kuandika.

Usidhani nimekaa nikisubiri uondoke ndipo nikutupie mzigo. Jumatatu niliandika kila kitu kwenye karatasi mbili, mita zote mbili, milango, mbao, nikaenda kwa mkubwa wetu wa sasa. Akasoma mpaka mwisho, polepole, akakunja.

"Hamad, umebakisha muda gani kustaafu?"

"Mwaka na nusu."

"Na mtoto keshapata kazi?"

"Keshapata."

"Sasa kinachokuwasha nini?" Akanirudishia karatasi zangu. "Hii mie sikuiona. Kapumzike."

Siku ya pili nikarudi. Katibu wake akaniambia mkubwa hayupo, na nasikia sauti yake ndani anacheka na simu. Siku ya tatu nikaipeleka masjala igongwe mhuri wa kupokelewa. Yule binti wa masjala akaisoma mistari miwili, akaogopa, akasema mhuri umekauka. Umekauka! Nimefanya kazi jengo lile zaidi ya nusu ya umri wangu, najua ulipo wino. Nilitaka kucheka na nilitaka kuvunja dirisha. Kumbe kuingiza uongo ilikuwa kujaza nafasi moja tu, na ukweli umeshindwa kupata hata mhuri.

Basi ndani ya bahasha hii utakuta karatasi zile mbili, na daftari jembamba la kijani. Ni yale niliyoyasoma kwenye mita ya nyuma. Nimekuwa nikiyaandika kila mwisho wa mwezi tangu fundi alipohamisha zile waya, sijakosa mwezi hata mmoja. Usiniulize kwa nini mtu anaandika kitu asichotaka kisomwe. Labda nilikuwa nasubiri mtu wa kumkabidhi. Ukijumlisha na ya mbele utalijua jengo letu lilivyo hasa. Utaona pia mwezi ule kiyoyozi cha Bwana Juma kilipozimika. Ni hatua ndogo, lakini ile ni ya kweli, na inaweza kurudiwa katika kila nyumba kongwe ya Serikali kuanzia hapa mpaka Makangale. Lengo lenyewe lilikuwa zuri. Usilitupe kwa sababu ya watu kama mimi. Anza kwa kumuuliza anayekaa benchi la nje.

Najua ninachokuomba. Kazi yako ya chuo itabidi uiandikie sahihisho, na waliokuchukua kwa ajili yake watakutazama mara mbili. Huenda wakaniita mimi pia, na mwaka na nusu huo usiishe nilivyopanga. Mama yako hajui, nitamwambia mwenyewe ukishaondoka. Atanuna, na ana haki. Usifikirie kuninusuru. Ukinyamaza kwa ajili yangu, kila skuli na kila kituo cha afya kitaletewa mwongozo wa kufunga milango, na mabibi watapiga hodi tatu na kurudi makwao, na watakaotia saini watasema wamefuata mfano wa Wete.

Kuanzia Jumatatu wewe ndiye ofisi inayopokea taarifa za majengo. Huku kwetu wamekataa kuipokea hii, basi nimeileta mbele. Isome ukiwa mezani kwako, usiisome kitandani ukilia. Igonge mhuri, iandike tarehe, iweke faili. Jina la mtoa taarifa ni langu kamili, unalijua. Na fomu yenu ikiwa na nafasi ya kuuliza mtoa taarifa ni nani wako, usiiache tupu. Andika ni babaako, amechelewa, na hakulazimishwa na mtu.

Babaako,
Hamad